AFYA NYUMBANI: Kwa nini vidonge vya presha vinabaki ndani ya kopo?

  

Mwezi uliopita ukurasa huu uliongea juu ya ugonjwa wa presha, ule ambao wengi wetu tuliotoka Kivu tunauita tansio. Tuliandika kwamba mtu anayeacha dawa ya presha anajiua mwenyewe. Tulidhani tumeandika vizuri. Siku tatu baada ya gazeti kugawiwa, mama mmoja alitukuta kwenye bomba la maji. Aliweka jerikeni chini, akatuambia mbele ya watu wote: "Ninyi ba gazeti, mumeandika kama vile sisi ni wapumbavu. Mulishatuulizaka hata siku moja?"

Tulinyamaza, maana jibu lilikuwa hapana. Tena kuna jambo tulilokuwa tumeficha. Kati ya sisi wanne tunaoandika ukurasa huu, wawili tuna presha, na mmoja wetu alishaacha dawa mara mbili bila kumwambia mtu.

Basi mwezi huu hatukuhubiri. Tulizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na wahudumu wa afya wa vijiji, tukiwa na swali moja tu: "Ni kitu gani kinakuzuia?" Haya ndiyo tuliyosikia. Majina hatutaji. Waliotupokea walituruhusu kuandika maneno yao, si majina yao.

Kopo la mzee

Mzee wa kwanza alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Tukamuuliza kama anapata dawa. Akasema anapata kila mwezi, anapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, anarudi na vidonge 30. Bibi yake akacheka kidogo, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Tulihesabu mbele yao: vidonge 94.

Mzee hakuona haya. "Nisipoenda kuchukua, watanifuta kwenye daftari. Lakini nakunywa tu siku kichwa kinauma. Presha ikipanda, mutu unaisikia."

Ndugu msomaji, mzee huyu si mjinga. Neno lenyewe ndilo linalotudanganya. Sisi tunasema, "Mtoto huyu ananipandisha presha." Tunasema, "Nilipata presha nilipoona jina langu halipo kwenye orodha." Hiyo ni hasira au hofu, inakuja na kuondoka, na kweli mtu anaisikia. Ugonjwa wa presha ni kitu kingine. Ni nguvu ya damu inayosukuma mishipa kupita kiasi, mchana na usiku, hata ukicheka, hata ukilala. Kwa kawaida mtu haisikii kabisa.

Fikiria mpira wa baiskeli uliojazwa upepo kupita kiasi. Haulii, haulalamiki, unabeba mzigo wako vizuri tu, mpaka siku unapasuka njiani. Mishipa ya kichwa ndivyo ilivyo. Ikipasuka au ikiziba, mtu anapooza upande mmoja. Hicho ndicho kiharusi. Presha inaharibu pia moyo, figo na macho, polepole, bila kelele.

Ndiyo maana kuna mashine. Inatoa namba mbili. Ikiwa namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, na ikawa hivyo siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu. Utafiti wa nchi nzima uliofanyika hapa Uganda mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 anayo, na kati ya hao waliokuwa wanajua hawakufika hata 1 kati ya 10. Hatukosei tukisema kichwa chako si mashine. Kinaweza kuuma kwa njaa, kwa jua, kwa malaria, presha ikiwa chini. Kinaweza kutulia kabisa presha ikiwa 180.

Na dawa ya presha haifanyi kazi kama panado. Kidonge cha leo kinalinda mishipa ya leo, na vingi vinachukua siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi mpaka nguvu yake yote ionekane. Kunywa kimoja siku kichwa kinauma ni kama kufunga mlango mara moja kwa wiki ukidhani mwizi atakuja siku hiyo tu.

"Waliniambia iko muzuri"

Kijana mmoja wa boda alipimwa akakutwa na 170 kwa 105. Alikunywa dawa miezi miwili, akarudi, mashine ikaonyesha 128 kwa 82. Muganga akamwambia, "Vizuri sana, safi kabisa." Akaenda nyumbani, akaacha. Alituambia, "Si waliniambia iko muzuri? Sasa niko nakunywa dawa ya nini?"

Tulimjibu hivi: turubai liko juu ya nyumba yako. Mvua inanyesha, ndani hakuvuji. Je, utasema, "Sasa havuji tena, nitoe turubai"? Namba imekuwa nzuri kwa sababu dawa ipo. Ukiitoa, mvua bado iko palepale.

Kweli, wapo wanaopunguziwa dawa baadaye, hasa wakipunguza chumvi, pombe na uzito. Lakini hilo linafanywa na muganga, kidogo kidogo, kwa kupima. Tena vipo vidonge ambavyo ukiviacha ghafla moyo unaweza kuleta hatari kubwa, kama propranolol na atenolol. Hivyo usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kikohozi cha mama wa kwaya

Sasa tunaandika jambo ambalo limetuuma zaidi.

Wengi mnamfahamu mama yule wa kwaya, sauti yake ya kwanza ilikuwa inasikika mpaka barabarani. Alianza dawa ya presha, na baada ya wiki chache akapata kikohozi kikavu kisichoisha, hasa usiku. Akadhani ni kifua, akaogopa watu watasema ana kifua kikuu. Kwaya yenyewe ikawa shida, anakohoa katikati ya wimbo. Akagundua akiacha vidonge kikohozi kinapungua. Akaacha. Alimwambia binti yake tu.

Msimu wa mvua uliopita alianguka jikoni. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wa kuume haufanyi kazi, na maneno yanatoka kwa shida. Binti yake wa miaka 15 ameacha shule ili amuoshe, ampikie na kumpeleka chooni.

Kikohozi kile kinajulikana na waganga wote. Ni tabia ya dawa za kundi la enalapril, captopril na lisinopril. Kinampata karibu mtu 1 kati ya 10. Si kifua kikuu. Na muganga akiambiwa, anabadilisha dawa, anatoa ya kundi lingine, kikohozi kinaisha baada ya wiki chache. Lilikuwa ni jambo la mazungumzo ya dakika tano.

Na sisi? Sisi tulipita nyumbani kwake na mashine mwezi mmoja kabla. Tuliandika namba, ilikuwa juu. Tukamwambia, "Mama, kunywa dawa." Tukaenda nyumba inayofuata. Hatukumuuliza ni kitu gani kinamzuia.

Kwa hiyo tafadhali, someni hapa vizuri. Dawa nyingine nazo zina tabia zake. Amlodipine inaweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Vidonge vya maji, ambavyo kwa jina lake ni hydrochlorothiazide, vinakupeleka kukojoa mara nyingi. Mama mmoja alituambia havinywi siku ya kugawa chakula, kwa sababu foleni ni ya saa tano na choo kiko mbali. Mwingine alikuwa anavinywa jioni, kisha anaogopa kutoka gizani kwenda chooni, maana anajua yaliyowapata wengine. Hawa wana haki. Lakini dawa inaweza kupangwa: inywe asubuhi, si jioni, na siku ya foleni muulize muganga kama unaweza kuinywa ukirudi nyumbani. Kinachoua si ile tabia ya dawa. Ni kuacha kimya kimya.

Mama mwenye mimba, au anayetarajia, aseme mapema. Enalapril na ndugu zake hazifai kwa mimba. Zipo dawa nyingine zinazofaa, kama methyldopa.

Tumbo tupu

Sababu tuliyoisikia nyumba nyingi kuliko zote ni hii: "Dawa inataka mutu aliyekula." Chakula kikiisha kabla ya mwezi kuisha, na vidonge navyo vinasimama. Tulikuta familia ambapo koko anaacha dawa kila mwezi kuanzia tarehe 20 hivi, mpaka mgao mwingine.

Tulikwenda kuuliza kituoni, na jibu tunawaletea kwa furaha. Amlodipine, enalapril na vidonge vya maji havingoji chakula. Unaweza kuvinywa na maji tu. Captopril hata inafanya kazi vizuri zaidi saa moja kabla ya kula. Kama jina la dawa yako halipo hapa, uliza. Njaa ni tatizo, hatusemi si tatizo, lakini isikunyang'anye na dawa pia.

Tukiwa kwenye chakula, tuseme na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu na iliyo ndani ya chakula chenyewe. Makayabu yana chumvi nyingi sana, hivyo loweka usiku kucha na umwage maji mara mbili au tatu kabla ya kupika. Zile kubu za mchuzi nazo ni chumvi. Ukiweka kubu kwenye sombe, usiongeze chumvi tena.

Jambo lingine la jikoni na kitandani: diclofenac na ibuprofen, tunazonunua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti baada ya kulima, zinapandisha presha. Mwenye presha aulize kwanza kabla ya kuzizoea.

Mambo ya chumbani

Wanaume hawakusema mbele ya bibi zao. Walitusindikiza mpaka njiani, wakasema kwa sauti ndogo: "Dawa hii inamaliza nguvu za mwanaume." Tunaliandika hapa kwa heshima, kwa sababu linaficha wengi.

Ukweli una pande mbili. Ni kweli baadhi ya dawa, kama atenolol na vidonge vya maji, zinaweza kuleta shida hiyo kwa watu wengine. Lakini presha yenyewe isipotibiwa inaharibu mishipa, na hiyo nguvu inategemea mishipa. Anayeacha dawa ili alinde nguvu anaweza kuipoteza yote. Zipo dawa ambazo mara nyingi hazisumbui upande huo. Papa, mwambie muganga neno moja tu, "chumbani," ataelewa. Ukiona haya kwa sababu muganga ni dada, omba kuongea na muganga mwanaume.

Mawazo na maombi

Koko mmoja wa kutoka Masisi alisema: "Presha yangu ni ya mawazo. Siku nitarudi kwangu, itaisha." Hatukuweza kumbishia yote. Aliyezika watoto njiani ana haki ya kusema mzigo wake uko moyoni. Mawazo, kutolala na hofu vinaweza kuongeza presha. Lakini wako watu wenye amani, wana mashamba na ng'ombe, nao wana presha. Umri, chumvi, pombe, uzito na ukoo vinaileta pia. Kuongea na mtu wa ushauri kunasaidia moyo, na kidonge kinalinda mishipa. Koko, tunataka siku ile ya kurudi ikukute unatembea kwa miguu yako.

Wengine waliombewa, wakatupa dawa kama ushuhuda. Mchungaji mmoja alitupa jibu ambalo tumeomba kulirudia: "Aliyeombewa na akapona, mashine haitamsumbua. Aende apimwe akiwa bado anakunywa dawa, muganga mwenyewe ndiye amuachishe." Tunaona ni hekima. Na wanaotumia kitunguu saumu na majani, mwambieni muganga mnachokunywa, msikiweke mahali pa kidonge.

Mama wa jerikeni

Tulimaliza mzunguko wetu kwa mama yule wa bombani. Alitukaribisha, akatupa maji. Tukamuuliza swali letu, naye akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwita dada yake kutoka ndani.

Dada huyu alifika mwaka 2025, baada ya mji wa Goma kuchukuliwa Januari ya mwaka huo. Dawa zake zilibaki njiani pamoja na mizigo, na hakuwa ameandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa presha. Kwa hiyo mama alikuwa anakata kila kidonge katikati, nusu kwake, nusu kwa dada. "Nikunywe miye peke yangu, yeye niko namuangalia?"

Na sisi tulikuwa tumeandika kwamba mtu wa namna hii anajiua.

Tulipima wote wawili. Wote walikuwa juu, maana nusu haikumlinda yeyote. Kesho yake tulikwenda nao kituoni, dada akaandikwa, kila mmoja akatoka na vidonge vyake. Foleni ilikuwa ndefu, lakini ilikwisha.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa zao vizuri ni kama nusu tu. Wale wana gari, wana friji iliyojaa, na bado nusu wanashindwa. Kwa hiyo tusichekane hapa kambini. Tuulizane.

Tunaomba mambo haya

Mgonjwa: usiache kimya kimya. Sababu yoyote uliyo nayo, hata kama ni ya aibu, ipeleke kwa muganga kabla ya kuacha. Funga kidonge na kitu unachofanya kila siku, kama kunawa uso au sala ya asubuhi. Ukisahau kimoja, kunywa ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ikiwa siku imepita, endelea na cha leo, usinywe viwili pamoja. Rudi kituoni siku tatu au nne kabla vidonge havijaisha, ili ukiambiwa "dawa haijafika" uwe bado na vya kukushikilia. Na ukiambiwa hivyo, uliza hapohapo: "Ninywe nini mpaka ifike?" Kukosekana kwa dawa si ruhusa ya kuacha.

Familia: msiulize "Umekunywa dawa?" kwa sauti ya polisi. Mtu mzima ataitikia ndiyo ili mnyamaze. Mtoto alete maji na kidonge kwa mkono miwili, inatosha. Mkiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, hata kama vinapita haraka, mpelekeni kituoni saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Msimnyweshe wala kumlisha kitu.

Waganga wetu na wahudumu: tunajua mko wachache na foleni haina mwisho. Tunaomba swali moja tu kabla ya kuandika namba: "Ni kitu gani kinakuzuia?"

Mzee wa kopo tulimpitia tena Jumapili iliyopita. Vidonge vya zamani tulimshauri avirudishe kituoni, wakaangalie tarehe na kama bado ni vizuri. Vya mwezi huu viko mezani, karibu na redio yake. Tulivihesabu: vimebaki 19, na siku zilizobaki mpaka kurudi kituoni ni 19. Bibi yake ndiye aliyetuhesabia, naye alicheka tena, lakini safari hii kwa namna nyingine.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kisukari. Mwenye swali aliweke kwenye sanduku la gazeti mlangoni pa ofisi, au atukute kwenye bomba la maji, kama mama yule. Tutasikiliza.

Mungu awalinde na familia zenu. Sisi wenu wa Afya Nyumbani.